Hatia ya Kuwa na Mahitaji

Upungufu wa umakini unaoambatana au usioambatana na kutotulia, ambao madaktari wa Kongo huutaja kwa kifupisho cha Kifaransa, TDAH, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na ambayo kwa wengi huendelea hadi utu uzima. Hali hiyo hudhoofisha uwezo wa kupanga, kuanza kazi, kukumbuka lililokusudiwa na kukadiria muda, hata pale nia ya mtu inapokuwa imara kabisa. Daktari George Still alipoieleza London mwaka 1902, wengi wa watoto aliowataja walikuwa wavulana, na kwa muda mrefu baadaye mvulana asiyetulia ndiye aliyetazamwa kama mfano wa hali yenyewe. Msichana aliyeketi kimya huku mawazo yake yakienda mbali hakupimwa. Aliitwa mzembe, naye akakua akiamini hivyo.

Imani hiyo ndiyo chimbuko la hatia inayojadiliwa hapa. Wanasaikolojia hutenganisha hatia, ambayo ni maumivu ya kujua kwamba umetenda kosa, na aibu, ambayo ni kujiona wewe mwenyewe ndiwe kosa. Mwanamke mwenye TDAH huchanganya hayo mawili, kwa kuwa anaomba radhi kwa mambo ambayo si makosa hata kidogo: kurudiwa maagizo, kupata saa moja pasipo kelele, au kuwa na mtu kando yake anapoanza kazi inayomshinda.

Mjini Kamina, nchini Kongo, mzigo huo una uzito wake. Mama anayewasha makaa alfajiri, akatafuta maji, akaenda sokoni, kisha akarudi kusonga bukari kabla ya giza, huishi kwa kumbukumbu na mpangilio tangu asubuhi hadi usiku, na sifa yake hupimwa kwa anachowapa wengine. Sheria nayo iliwahi kuegemea upande huo, kwani Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa matendo ya kisheria yanayomfunga yeye mwenyewe, sharti lililoondolewa na marekebisho ya Julai 2016, ingawa mume amebaki kutajwa kuwa kichwa cha nyumba. Ni vigumu kumlaumu mwanamke anayeona kuomba msaada kuwa ni kuvuka mpaka, ilhali amelelewa katika mazingira yaliyompangia kuomba ruhusa.

Hata hivyo, Waluba wa eneo hilihili hawakuichukulia kumbukumbu kuwa jambo la kichwa pekee. Chama cha mbudye, kilichotunza historia ya ufalme wao, kilitumia lukasa, yaani ubao wa mbao wenye shanga na kauri, ambao mtaalamu aliupapasa kwa vidole huku akisimulia nasaba na safari za wafalme, na elimu ya kuusoma ilikuwa ya waliofika ngazi za juu. Ikiwa historia ya wafalme ilistahili kuwekewa ubao, basi zamu ya mchango wa kikundi cha akina mama na tarehe ya kulipa ada ya shule vinastahili kuandikwa ukutani bila mtu kuinamisha kichwa.

Kinachosaidia zaidi ni kutenganisha deni na hitaji. Aliyesahau mchango ana deni kwa wenzake na anapaswa kulilipa. Lakini kumwomba mweka hazina amkumbushe siku moja kabla ni hitaji, na ombi la namna hiyo, likiwa dogo na la wazi, hukubaliwa kwa urahisi kuliko msamaha unaorudiwa kila wiki. Mume au mama mkwe naye huelewa zaidi anapoelezwa kazi ipi inakwama na wapi, kuliko anapotajiwa jina la ugonjwa.

Lakini hatia inapofuatana na kukosa usingizi, kukata tamaa au kutamani kufa, huenda huo ni mfadhaiko unaohitaji tiba yake, na kituo cha afya kinapaswa kufikiwa mapema. Malaria ya mara kwa mara na upungufu wa damu pia hupunguza umakini na ni lazima vichunguzwe.