Kichwa cha kifaranga kinasema nini?



Mama mmoja alituletea kifaranga ndani ya kikapo. Shingo imepinda, kichwa kinatazama juu, na akijaribu kutembea anazunguka mahali pamoja. Akauliza: "Bwana agronome, huyu amelogwa ao ni ugonjwa?"

Mbele ya kumjibu, tulichukua kifaranga mzima, tukamshika taratibu kwa mikono miwili, tukasogeza mwili wake kushoto, kuume, juu, chini. Mwili ulienda, kichwa kilibaki pale pale. Mujaribu nyumbani, watoto watacheka. Macho ya ndege hayazunguki sana kama yetu, basi shingo ndiyo inafanya kazi kubwa. Kuku akitembea, kichwa kinatupwa mbele, kinasimama, mwili unakifuata. Pale kinaposimama ndipo anaona vizuri punje ya mahindi ao mwewe.

Nani anaamuru shingo? Ni sikio. Ndani kabisa, kila upande, kuna vifereji vitatu vilivyopinda kama pete, vimejaa maji. Kichwa kikigeuka, maji yanachelewa kidogo, yanasukuma vinyweleo vidogo sana, na habari inafika ubongoni, kisha kwenye misuli ya macho na ya shingo. Mnyama hana haja ya kufikiri. Kifaranga anamaliza siku 21 ndani ya yai, na akitoka anapashwa kumfuata mama yake mapema, kwa hiyo anatoka na chombo hiki tayari.

Mtoto wa chura hana haraka hiyo. Wanasayansi walichunguza chura wa Afrika anayeishi majini, jina lake Xenopus. Kiluwiluwi wake anapata vifereji mapema, lakini mwanzoni ni vyembamba mno, havifanyi kazi mpaka vikomae. Ila ana njia nyingine pia: uti wa mgongo, ule unaoamuru mkia upige, unatuma ujumbe kwa macho, nayo yanageuka kinyume cha kichwa. Miguu ikiota na mkia ukipotea, ujumbe unabadilika. Sasa miguu miwili inapiga pamoja, mwili unaenda mbele, na macho yote mawili yanasogea pamoja kuelekea mbele.

Turudi kwa kifaranga wa mama. Kichwa kikipinda hivi, musivute shingo kuinyoosha. Mara nyingi kasoro iko ubongoni ao kwenye mishipa ya fahamu. Chakula kibaya kinaweza kuleta hali hii: kifaranga akikosa vitamini B1 anatazama juu namna ile, na akiipata mapema anaweza kupona. Chakula cha zamani, chenye mafuta yanayonuka, kinapoteza vitamini E. Hapo ubongo unaharibika, na kupona ni vigumu.

Lakini tulipouliza zaidi, mama alisema wengine watatu wanahara kijani, wanahema mdomo wazi, mabawa yameanguka, na wawili wamekufa usiku. Hapo tulishuku Newcastle. Ugonjwa huo hauna dawa. Hata antibiotiki haiuwezi, juu unaletwa na virusi.

Mama alikuwa na kuku kumi na wanne waliobaki na alitaka kuwauza sokoni jumamosi, mbele hawajafa. Tulimwelewa, makuta ya shule ilikuwa inangoja. Lakini kuku mmoja tu mwenye virusi akiingia kwa jirani, kijiji kizima kinaweza kubaki bila kuku. Tuliongea muda mrefu, kusema kweli alikasirika. Mwishoni hakuuza. Alifukia wafu, hakuacha mtu kuingia bandani, na tukamwita veterinere. Kuku watano walibaki.

Chanjo inapashwa kuja mbele ya ugonjwa. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na inarudiliwa kila miezi 3 ao 4. Na kuku mpya kutoka sokoni akae peke yake juma mbili ao tatu. Siku ile ya kumnunua, mumshike kwa mikono miwili, musogeze mwili wake taratibu, muangalie kichwa.