Dhahabu Ambayo Haikuwako

Kule Macalder, Migori, watu huchimba mashimo kwa mikono, wakasaga mawe na kuosha mchanga kwenye karai ili wapate chembe kidogo tu za dhahabu. Sasa hebu fikiria kampuni iliyodai kuuza nje dhahabu na almasi za mamilioni ya dola kutoka hapa Kenya. Almasi! Nani amewahi kuona mgodi wa almasi Kenya?

Kampuni hiyo iliitwa Goldenberg International. Wakati huo serikali iliwafidia wafanyabiashara waliouza bidhaa nje, ili nchi ipate pesa za kigeni. Kwa kila shilingi 100 za mauzo mtu alilipwa 20. Goldenberg ilikubaliwa 35. Yaani ukileta karatasi kwamba umeuza, unalipwa. Karatasi ndiyo ilikuwa mgodi! Kati ya 1991 na 1993 mabilioni ya shilingi za umma yalitoka kwa njia hiyo.

Aliyefichua mambo haya hakuwa waziri wala polisi. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Aliona karatasi zile zikipita mezani pake, na hesabu haikumwingia akilini. Nakala zikafika kwa wabunge wa upinzani, na 1993 jambo likalipuka Bungeni. Mwaka huohuo Munyakei alikamatwa, kisha akapoteza kazi. Mashtaka yaliondolewa baadaye lakini kazi hakurudishiwa. Tume ya Jaji Bosire iliundwa 2003, miaka kumi imeshapita. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya uadilifu, na 2006 akafa maskini. Tuzo hailiwi, jameni.

Siku hizi tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akague pesa za serikali kuu na za kaunti kila mwaka. Lakini huku kwetu ni nani anayeuliza?

Baba yangu mdogo aliuliza. Alisimama barazani akataka kujua pesa za kisima zilienda wapi. Akaambiwa asiharibu mkutano. Tulikuwa watu wengi pale, hata mimi, na hakuna aliyesema, "Mjibuni." Akaketi peke yake, wakaendelea na ajenda nyingine.