Trekta la Zamani na Petroli Hafifu

Namba ya oktani inayoonekana kwenye pampu haipimi nguvu ya petroli. Inapima uvumilivu wake: kiasi inachoweza kubanwa ndani ya silinda kabla ya kulipuka yenyewe, bila kungoja moto wa plagi uifikie. Ikilipuka hivyo, mafundi husema injini inagonga. Ikigonga muda mrefu huku imelemewa, ringi huvunjika, gasketi huungua, na mwishowe pistoni hutoboka.

Wengi hudhani trekta kuukuu ndilo linalohitaji petroli bora. Kwa lilivyotoka kiwandani, sivyo. Farmall M, lililotengenezwa Marekani kati ya 1939 na 1952, lilibana mchanganyiko wake chini ya mara 6, na petroli ya kawaida ya leo ingelitosha kabisa. Shida ni kwamba matrekta mengi ya aina hiyo hayana tena pistoni zake za mwanzo.

Kampuni iliyolitengeneza, International Harvester, yenyewe iliuza pistoni za nyanda za juu, za mwinuko wa futi 5,000 na futi 8,000, ambazo hubana zaidi kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Milimani Colorado hata pampu huuza petroli hafifu ya oktani 85, na trekta halilalamiki. Lishushwe sasa hadi mashamba ya Iowa: hewa nzito inajaa silinda, pistoni ni zilezile, na kugonga kunaanza. Kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa haukuambii kitu. Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji, aulinganishe na kitabu cha trekta.

Usitegemee masikio. Jembe likizama, gavana hufungua kabureta yenyewe, na kelele za shamba humeza mlio wa kugonga. Fungua plagi uitazame: vidoa vidogo vya aluminiamu kwenye kauri yake nyeupe vimetoka kwenye pistoni.

Dawa ya kwanza ni kununua oktani ya juu zaidi. Ni nafuu kuliko pistoni mpya. Ikikosekana, mwasho ucheleweshwe kwa nyuzi chache, na ukubali nguvu kupungua kidogo. Kaboni iliyoganda juu ya pistoni iondolewe, kwani hupunguza nafasi na kushika joto. Kabureta isibane petroli kupita kiasi, radieta iwe safi. Na dereva akisikia injini inazidiwa, ashushe gia mapema. Kuilazimisha ivute kwa mwendo wa polepole ndiko kunakoiumiza zaidi.