UZI: Mwalimu wa nasari anafanya nini hasa, na siasa inaingilia wapi

Kila kampeni utamsikia mheshimiwa juu ya gari: "Tumewajengea madarasa ya ECDE!" Makofi. Kisha walimu wakidai mishahara, mtu anakuja hapa kuuliza, "Kwani wanalilia pesa gani na kazi ni kuimba tu na watoto?" Hebu tuongee.

Mwezi wa kwanza nilikaa asubuhi moja kwa darasa la PP1 la shangazi yangu. Watoto 43, wengi wa miaka minne. Mimi nasomea sayansi ya siasa, nikajiambia nitamsaidia kidogo. Kufikia saa nne nilikuwa nimejificha karibu na sufuria ya uji.

Tuanze na huko kuimba. Akitaka watoto watoke kwa mchezo waingie kwa hesabu, hapazi sauti. Anaanzisha wimbo wa kupiga makofi, na ukifika mwisho wote wako chini kwa mkeka. Mtoto wa miaka minne ukimwambia "bado dakika tano" hajui unasema nini. Anajua wimbo huu ukiisha, tunakaa. Wimbo ni ule ule kila siku, saa ile ile, na sura ni ile ile. Ndio maana siku wageni wanakuja kupiga picha na ratiba inavurugwa, darasa halirudi sawa mpaka wakati wa kwenda nyumbani.

Mimi nilipiga kelele "Msikimbie!" Wakaongeza mbio. Shangazi akasema tu, "Sasa tunatembea kama kinyonga," na darasa zima likapunguza mwendo. Aliniambia baadaye kwamba ukimkataza mtoto mdogo kitu bila kumwonyesha afanye nini, bado hujamwambia lolote.

Kulikuwa na mmoja msumbufu ajabu, anasukuma wenzake kwa foleni. Huyo ndiye alipewa kazi ya kugawa vikombe vya uji. Akatulia kama askari. Mwingine alikuwa analilia mamake tangu asubuhi. Hakuambiwa anyamaze. Aliketishwa karibu na mwalimu, akapewa vifuniko vya soda apange kwa rangi, na baada ya muda akawa anahesabu na kamasi puani.

Na kabla mtu aseme "sisi tulichapwa na tukawa watu": kumchapa mwanafunzi ni hatia chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kwa hivyo mwalimu hana kiboko. Ana maandalizi, ana subira, na ana jambo moja ambalo watu hawalihesabu: watoto wamemzoea.

Sasa siasa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti. Gredi ya 1 kuendelea ni serikali ya kitaifa. Kwa hivyo kwa kiwanja kimoja unaweza kupata walimu wawili, madarasa yao yametenganishwa na ukuta tu, mmoja ameajiriwa na TSC na mwingine na kaunti. Hata elimu ya bure ya 2003 ilianzia darasa la kwanza. Nasari iliachiwa wazazi.

Kaunti nyingine zimewaajiri hawa walimu kwa masharti ya kudumu. Nyingine zinawapa mikataba mifupi. Shangazi yuko kwa mkataba (kaunti siitaji, bado anataka kazi). Mwaka juzi wa mwenzake uliisha muhula ukiwa katikati, na nafasi ikakaa wazi wiki kadhaa. Watoto waliokuwa wameacha kulia mlangoni walianza tena. Mgeni alipoletwa, hakujua hata wimbo wa kuingia darasani.

Hoja ya magavana si upuzi, tuwe wakweli. Kanuni za fedha za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na wengi wameshapita hapo. Lakini darasa jipya linazinduliwa kwa utepe na kamera. Mkataba wa mwalimu ukiongezwa, hakuna anayekata utepe. Wewe ungekuwa mwanasiasa ungechagua gani?

Makadirio ya bajeti yanafaa kuwa mbele ya bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na una haki ya kutoa maoni kabla yapitishwe. Ukienda, usikwame kwa ukurasa wa ujenzi. Fungua wa mishahara ya idara ya elimu, kisha umuulize MCA wako walimu wangapi wa ECDE wako kwa mkataba, na unaisha lini. Mbunge mwache, hii haiko kwa meza yake.

Wa shangazi unaisha Septemba, katikati ya muhula wa tatu.