Kwa nini helikopta hupinduka majini, na maboya huokoaje abiria

HELIKOPTA inayotoka Mwanza kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita kwa njia iliyonyooka hulazimika kuvuka Ghuba ya Mwanza. Injini ikizimika hapo, rubani hana pa kutua ila ndani ya Ziwa Victoria.

Kutua juu ya maji salama ni nusu tu ya kazi. Injini, giaboksi na rafadha za helikopta hukaa juu ya vichwa vya abiria. Uzito huo wa juu huifanya ipinduke upesi, pengine kabla abiria hawajafungua mikanda, na milango yote ikabaki chini ya maji.

Kinga yake ni maboya ya dharura, ambayo hukunjwa na kufungwa miguuni au ubavuni mwa helikopta. Rubani anapoyafyatua, gesi iliyoshindiliwa katika mitungi, kama vile heliamu, huyajaza kwa sekunde chache.

Mwaka 2012, helikopta mbili aina ya EC225 zilitua katika Bahari ya Kaskazini, Mei na Oktoba, baada ya giaboksi kuharibika. Zilielea wima, na watu wote 33 waliokuwamo waliokolewa.

Hata hivyo, sharti maboya yajae sawasawa. Machi 11, 2018, mjini New York, helikopta ilitua katika Mto East, maboya ya upande mmoja yakajaa pungufu, ikapinduka. Abiria wote watano walikufa maji wakiwa wamefungwa mikanda, rubani alipona.

Mawimbi makubwa nayo huweza kuishinda helikopta yenye maboya kamili. Kwa sababu hiyo, watafiti wa Uingereza walipendekeza maboya ya ziada karibu na injini, ili ikipinduka ilale ubavu na madirisha ya upande mmoja yabaki juu ya maji.

Katika Ziwa Victoria, muda wa kuelea ni uhai. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia karibu na uwanja wa Bukoba na kuua watu 19 kati ya 43, wavuvi ndio waliotangulia kufika.

Abiria naye ana wajibu wake: aujue mlango ulio karibu kabla ya kuruka, na asijaze upepo jaketi la kujiokolea akiwa ndani, kwani maji yakiingia litamnasisha darini.