Dawa ya ngombe na utumwa wa pombe

Makatekista wa Bunia na wa vijiji vya kandokando waletewa swali moja mara nyingi, nasi mapadri vilevile: "Je, iko dawa ya kumkomesha mlevi?" Anayeuliza ni mke, au mama mzee, au mtoto aliyechoka kumtafuta baba yake usiku penye nyumba za lotoko. Tangu mwisho wa mwaka 2017, vita vya Djugu vilipoanza kufukuza watu mashambani na kuwasukuma mpaka mjini, wako wengi waliopoteza ngombe, shamba na kazi, wakabaki na chupa. Siku hizi swali la pili lafuata nyuma ya lile la kwanza. Watu wamesikia kwamba dawa ya minyoo ya ngombe imejaribiwa huko Marekani juu ya walevi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini tusinunue chupa sokoni na kumtilia mtu wetu katika chai?

Haifai kumcheka anayeuliza hivi. Katika swali lake mna kweli, tena mna hatari ya kufa. Yatupasa kutenga moja na nyingine. Basi tuyachungue mambo haya kwa utaratibu.

1. Dawa ya nyama yaweza kuwa dawa ya mtu

Wengine wafikiri kwamba dawa ya nyama haiwezi kumfaa mtu kamwe. Sivyo. Ngombe ana damu, ini, ubongo na mishipa ya fahamu kama sisi, na minyoo yake ni ndugu ya minyoo yetu. Kwa hiyo dawa yaweza kuanza zizini, kiisha ikaingia nyumbani.

Mfano mkubwa tunao hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 mtu wa elimu wa Japani, Satoshi Ōmura, aliokota udongo karibu na mji wa Ito, akapata ndani yake mikrobe ya namna mpya. William Campbell na wenzake wa kampuni ya Merck, katika Marekani, wakaona kwamba mikrobe hiyo yatoa kitu kinachoua minyoo ya nyama. Kutoka kitu hicho walifanya ivermektini. Mwaka 1981 ilianza kuuzwa kwa ajili ya ngombe, farasi na kondoo. Mwaka 1987 ilikubaliwa kwa watu, juu ya ugonjwa wa onkoserkosi, yaani upofu wa mito, unaoletwa na nzi wadogo weusi wanaozaa penye maji ya mbio. Mwaka ule ule Merck iliahidi kuitoa bure kwa ugonjwa huo, kwa jina la Mectizan. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell walipewa tuzo ya Nobel.

Vijiji vingi vya Ituri vyaijua Mectizan. Mtu wa kijiji huja na fimbo ya kupimia urefu, humsimamisha kila mmoja kando yake, humpa vidonge kadiri ya urefu wake, kisha huandika katika daftari.

Kwa nini ngombe alitangulia? Sababu moja ni feza. Mwenye makundi makubwa ya ngombe anaweza kulipa; mtu maskini wa kando ya mto hana kitu. Tulikumbuke neno hili, maana litatusaidia mbele: dawa nyingi hufuata mfuko kwanza, na mgonjwa asiye na mfuko huzipata kwa njia ya kuzunguka.

2. Kazi iliyofanyika Rethy

Baada ya ivermektini ilikuja ndugu yake, moksidektini. Nayo ilikuwa dawa ya ngombe, kondoo, farasi na mbwa. Waganga walitaka kujua kama yaweza kushinda ivermektini katika upofu wa mito. Jaribio kubwa lilifanyika Liberia, Ghana na Kongo. Na katika Kongo pahali pamoja palikuwa Rethy, katika Djugu, nchi yetu wenyewe.

Watu 1472 walipewa dawa. Kati yao 978 walipewa moksidektini, na 494 ivermektini. Wala mgonjwa wala mganga aliyempima hakujua nani amepewa ipi, ili matumaini yao yasigeuze hesabu. Walifuatwa miezi mingi. Mwisho ilionekana kwamba waliomeza miligramu 8 za moksidektini mara moja walikuwa na wadudu wachache zaidi sana katika ngozi, hata baada ya miezi 12. Mwezi wa sita 2018 serikali ya Marekani iliikubali dawa hiyo kwa watu.

Tuangalie vizuri jambo hili. Watu wa Ituri hawakupokea tu dawa iliyotoka zizini. Wao wenyewe walikuwa mashahidi wake. Lakini njia kati ya ngombe na mtu haikurukwa. Kipimo kilitafutwa, ruhusa ya kila mmoja iliombwa, wagonjwa waliangaliwa.

3. Dawa ya minyoo iliyokutana na pombe

Je, dawa ya minyoo imekwisha kumsaidia mlevi? Ndiyo, na habari yake ni ya zamani. Disulfiramu ilikuwa kwanza kitu cha viwanda vya mpira. Mwaka 1937 mganga mmoja wa Marekani aliandika kwamba wafanyakazi wa kiwanda waliokishika hawakuweza tena kunywa pombe bila kuugua. Karibu miaka 10 baadaye, katika Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen walikijaribu kama dawa ya minyoo, nao wakameza wenyewe kidogo. Walipokunywa pombe, nyuso zao ziliwaka na moyo ukapiga mbio. Wakatambua maana yake, na mwaka 1948 wakaitangaza dawa ya walevi, inayoitwa Antabuse.

Namna yake ni hii. Pombe ikiingia tumboni, ini huigeuza kwanza kuwa sumu, kisha sumu hiyo huigeuza tena kuwa kitu kisicho na hatari. Disulfiramu hufunga mlango wa pili. Sumu yabaki damuni: mtu aona joto usoni, kichwa chauma, atapika, moyo wapiga kwa nguvu. Basi dawa hii haiondoi tamaa. Yaweka ukuta mbele ya chupa. Humfaa aliyekubali mwenyewe kujengewa ukuta huo, na hasa akiwa na mtu wa kumwangalia akimeza kila siku.

4. Panya wengi, watu 11

Sasa tufike kwenye habari ya leo. Katika chuo kikuu cha Southern California, Daryl Davies na wenzake waliona kwamba katika ubongo kuna vijilango ambavyo pombe huvilegeza kazi yao, na ivermektini huvisaidia kushindana na pombe. Wakawapa panya ivermektini, na panya wakanywa pombe kidogo kuliko kwanza. Mwaka 2017 waliandika kwamba moksidektini nayo iliwapunguzia panya kunywa. Hivyo dawa ile ile ya zizini, ile ile ya Rethy, yachunguzwa kwa ajili ya utumwa wa pombe. Yule aliyesikia habari hakudanganywa katika neno hili.

Lakini asikie na mwisho wake. Mwaka 2016 kulitangazwa jaribio dogo la ivermektini juu ya watu wenye utumwa wa pombe. Walikuwa 11 tu. Walipewa miligramu 30, kisha pombe chini ya ulinzi wa waganga. Hawakudhurika, lakini tamaa yao ya pombe haikupungua. Watu 11 hawatoshi kufunga shauri, wala hawatoshi kufungua duka. Panya hana mke wa kumlilia, hana deni, hana vita nyuma yake. Kinachomtuliza panya katika sanduku si lazima kimtulize baba wa nyumba. Kwa hiyo jibu la kweli ni hili: tumaini lipo, dawa haijakuwapo.

Tena tulikumbuke neno la mfuko. Mlevi maskini si mnunuzi anayetafutwa na viwanda. Ndiyo maana watu wa elimu huchungua dawa za zamani zilizokwisha kujulikana: kipimo chake na hatari zake zimekwisha kuandikwa, na gharama ni ndogo. Njia hiyo ni ya akili, wala tusiidharau. Lakini ni njia ya waganga, si ya jikoni.

5. Chupa ya sokoni

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu huonya kuliko makelele. Kwa upofu wa mito, mtu wa kilo 60 hupewa ivermektini miligramu 9 hivi, ni kusema vidonge 3 vya miligramu 3. Dawa ya sindano ya ngombe, ile ya kawaida ya asilimia 1, ina miligramu 10 katika mililita moja. Basi mililita moja tu yapita kipimo kizima cha mtu huyo. Chupa ya mililita 50 ina miligramu 500: kipimo cha watu zaidi ya 50! Nani atapima hayo kwa kijiko cha chai? Tena maji yaliyochanganywa na dawa hiyo yalitengenezwa kwa sindano chini ya ngozi ya ngombe, si kwa tumbo la mtu.

Hatari ya pili iko katika ubongo. Katika mwili wenye afya kuna ulinzi unaozuia ivermektini isiingie sana ubongoni. Mbwa wa namna ya collie mara nyingi huzaliwa na ulinzi huo umeharibika. Wakipewa nyingi, huyumba, huanguka, hata hufa. Mtu anayezidisha sana kipimo hujiletea matata ya namna hiyo. Mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa Covid, serikali ya Marekani ililazimika kuwaonya watu waliokuwa wakimeza ivermektini ya farasi na ngombe. Wengine walifika hospitalini.

Hatari ya tatu ni ya nchi zetu za misitu. Kuna mnyoo mwingine, loa-loa, ambao mara nyingine hupita wazi katika jicho. Mwenye wadudu wengi sana wa loa-loa damuni akimeza ivermektini, hata kwa kipimo cha haki, aweza kupoteza fahamu na kufa. Muuza duka hajui damu ya mlevi wako.

Tena si kila dawa ya nyama yamfungua mtu, nyingine yamfunga. Ksilazini ni dawa ya kuwalaza farasi na ngombe. Katika Marekani wauza sumu waliichanganya na fentanili, na mwezi wa nne 2023 serikali iliitangaza kuwa hatari mpya ya taifa. Dawa iliyotoka zizini bila mganga ilileta utumwa juu ya utumwa.

6. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tusikubali dawa yoyote itiliwe kwa siri katika chakula au chai. Mke anayefanya hivyo kwa disulfiramu anaweza kumwua mume wake mwenye moyo mgonjwa siku atakapokunywa. Tena mlevi ni mtu. Uponyaji wake wahitaji hiari yake. Waganga wa Rethy waliomba ruhusa ya mkulima asiyejua kusoma. Na sisi tutamnyima mume au baba?

Pili, tujihadhari na ahadi za ghafula. Wako wanaoapa mbele ya padri: "Tangu leo sinywi tena." Tunafurahi, na ni haki. Lakini aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha mara moja, aweza kutetemeka na kutoka jasho siku ile ile au kesho yake. Aweza kuanguka kifafa. Na siku ya pili mpaka ya nne aweza kuona vitu visivyopo, kupiga kelele na kuwaka homa. Hayo si pepo, ndugu makatekista. Ni ubongo uliozoea pombe na sasa umeikosa. Bila matunzo mtu aweza kufa. Apelekwe hospitali upesi: huko kuna diazepamu ya kumtuliza na vitamini B1 ya kulinda ubongo wake. Heri zaidi, tumpeleke kwa mganga kabla ya siku ya kiapo.

Tatu, tuwaambie watu kwamba dawa zilizojaribiwa juu ya wagonjwa wengi zipo. Pamoja na disulfiramu iko naltreksoni, iliyokubaliwa Marekani kwa ulevi mwaka 1994, tena iko akamprosati. Hupunguza tamaa au husaidia kukaa bila pombe. Hazimgeuzi mtu siku moja. Ni daktari anayezitoa, baada ya kuangalia ini na moyo.

Nne, tujue mpaka wa dawa zote. Hata siku ile moksidektini ikionekana kuwafaa walevi, haitamrudishia mtu shamba lake, wala haitamketisha jioni pamoja na marafiki wasio na chupa. Katika maungamo, tukumbuke yale tuliyofundishwa katika teolojia ya maadili: palipopungua uhuru, hatia nayo hupungua. Mlevi wa miaka mingi ni mkosefu na mgonjwa pamoja. Anayemwita mkosefu tu humvunja. Anayemwita mgonjwa tu humnyang'anya nguvu ya kusimama. Msamaria wa Injili alitia mafuta na divai katika vidonda, akampandisha mtu juu ya nyama wake, akamfikisha penye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Dawa ilikuwa mwanzo wa kazi yake.

Basi mama yule akija na chupa ya ngombe mkononi, tusimfukuze. Tumfasirie hesabu ya mililita moja, tumwombe airudishe chupa zizini, halafu twende naye kumwona mume wake, na pamoja nao tufike kwa mganga.