Fedha za Mlemavu Si za Mdai

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Neno hilo ni la kweli, na mtu mwungwana halikimbii deni lake. Lakini iko hali iliyo ngumu kuliko methali: hali ya mtu ambaye mwili wake umeharibika, hawezi tena kufanya kazi, na fedha pekee ziingiazo nyumbani mwake ni zile apewazo na serikali ili apate kula. Mdai akimbishia hodi mtu huyo, amlipe kwa fedha zipi: za unga, au za kodi ya nyumba?

Swali hilo limewasumbua sana watu wa Marekani, ambako mamilioni ya walemavu huishi kwa malipo ya serikali, wakiwamo askari walioumia vitani. Jibu ambalo sheria za nchi hiyo zimelitoa lafaa kujulikana na familia za askari popote zilipo, kwa kuwa risasi na ajali hazichagui nyumba.

MALIPO YENYEWE

Malipo hayo ni ya namna tatu. Ya kwanza ni bima ya ulemavu, iliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo hupewa mtu aliyefanya kazi na kukatwa mchango katika mshahara wake. Ya pili ni msaada wa walemavu na wazee maskini, ulioanza kutolewa mwaka 1974. Kiwango cha juu cha msaada huo kutoka Serikali Kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi katika mwaka 2025, na aupokeaye haruhusiwi kuwa na akiba ipitayo dola 2,000. Ya tatu ni malipo ya askari aliyepata ulemavu kwa sababu ya utumishi wake jeshini.

Mara nyingi deni hutangulia au hufuatana na ugonjwa: gharama za hospitali, au mikopo iliyochukuliwa mtu angali na nguvu zake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopeshaji akichoka kudai, huliuza deni kwa kampuni nyingine. Uchunguzi wa serikali uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanunuzi wa madeni walilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni. Maana yake, deni la dola 1,000 lilinunuliwa kwa dola 40 tu, kisha mnunuzi akadai zote 1,000. Ndiyo sababu hata kidogo akipatacho kwa kumtisha mgonjwa ni faida kwake.

MIPAKA YA MDAI

Sheria ya mwaka 1977 iliwawekea mipaka watu wanaokusanya madeni ya wengine. Hawaruhusiwi kupiga simu kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku. Hawaruhusiwi kutukana, kudanganya kwamba mdaiwa atatiwa gerezani, wala kumtangaza kwa majirani. Tangu Novemba 30, 2021, kupiga simu zaidi ya mara saba katika siku saba kwa ajili ya deni moja huchukuliwa kuwa ni usumbufu.

Mdaiwa akipata taarifa ya deni, anazo siku 30 za kulikana kwa maandishi, na mkusanyaji hana budi kuacha kudai mpaka alete uthibitisho. Aidha, mdaiwa aweza kuandika barua kwamba hataki kusumbuliwa tena. Barua hiyo hunyamazisha simu. Haifuti deni, wala haimzuii mdai kwenda mahakamani.

FEDHA ZILIZOMO BENKI

Hata mdai akishinda kesi, sheria inamkataza kukamata malipo ya ulemavu kwa deni la kawaida. Tangu Mei 1, 2011, benki ikiletewa amri ya kukamata fedha, ni lazima iangalie malipo ya serikali yaliyoingia humo moja kwa moja katika miezi miwili iliyopita, na kiasi hicho imwachie mwenyewe. Kinachozidi chaweza kuzuiwa, na hapo mwenyewe itambidi athibitishe mahakamani kwamba fedha hizo ni za ulemavu. Kwa hiyo ni busara kuziweka peke yake, zisichanganywe na fedha nyingine wala kuhamishiwa akaunti nyingine.

Yako madeni yasiyozuiliwa na kinga hiyo. Bima ya ulemavu yaweza kukatwa kwa ajili ya matunzo ya watoto, kodi za Serikali Kuu, na mikopo ya masomo ya Serikali Kuu. Msaada wa maskini haukatwi kwa madeni hayo. Naye aliyelemaa kabisa na kwa kudumu aweza kuomba afutiwe mkopo wa masomo.

HATARI YA KUNYAMAZA

Hatari kubwa ni kuficha barua ya mahakama chini ya godoro. Asiyejibu samansi huhukumiwa bila kusikilizwa, hata kama deni si lake au limepitwa na muda wa kushtakiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena, katika majimbo mengi ya nchi hiyo, kulipa hata dola chache katika deni la zamani huweza kuufanya muda huo uanze kuhesabiwa upya.

Basi mama wa nyumba, ambaye mara nyingi ndiye mtunza karatasi, na awe na bahasha moja ya barua zote na daftari la kuandika tarehe, saa na jina la kila aliyepiga simu. Barua za kujibu zipelekwe kwa rejista, na nakala zibaki nyumbani. Namba ya akaunti isitajwe kwa simu kamwe. Ikifika samansi, atafutwe wakili wa msaada wa bure kabla ya siku iliyotajwa.

Kudaiwa si jinai, na ulemavu si aibu. Mwenye uwezo na alipe deni lake. Lakini yule ambaye hana ila posho ya kumweka hai, kwanza na ale, alipie nyumba na kununua dawa. Kisha amjibu mdai kwa maandishi, bila matusi na bila hofu.